Mitandao ya Kijamii Iliyogatuliwa: Anza Vizuri Bila Kupoteza Watu Wako Wala Pesa Zako

Jumatatu moja asubuhi, dada mmoja anayeuza nguo za watoto mtaani Umoja, Nairobi, alitupigia simu akiwa karibu kulia. Akaunti yake ya mtandao wa kijamii, ile aliyoijenga kwa miaka sita, ilikuwa imefungwa usiku. Hakuambiwa kosa lake. Alijaza fomu, akajibiwa na mashine. Akajaza tena, akajibiwa na mashine ile ile. Mwishowe akaona ajaribu sisi, maana wateja wake humlipa kupitia kwetu. "Si nyinyi mnajua ni nani wamenilipa? Nipeni nambari zao niwatafute."

Hatukuweza. Mtu akilipa kwa till hajatoa ruhusa ya kupigiwa simu, na sisi hatumpi yeyote nambari ya mteja mwingine. Kwa hivyo till yake ilikuwa sawa, pesa zilikuwa sawa kila shilingi, stoki ilikuwa imejaa. Lakini wateja wa miaka sita, hakujua atawapata wapi.

Simu hiyo ilitukumbusha jioni ya tarehe 4 Oktoba 2021, wakati Facebook, Instagram na WhatsApp zilipozimika zote kwa pamoja kwa takriban saa sita. Hapa Kenya zilizimika jioni, watu wakitoka kazini, na zikarudi baada ya saa sita usiku. Waliokuwa wakipokea oda kwenye simu walikaa wakitazama skrini. Kampuni moja iliteleza, na biashara za dunia nzima zikateleza nayo.

Ndiyo maana tumeamua kuandika kuhusu mitandao ya kijamii ya aina nyingine, ile ambayo haimilikiwi na mtu mmoja. Baadhi yetu kwenye timu tumefungua akaunti huko, tumefanya makosa, tumeaibika kidogo, na tumejifunza. Tuseme ukweli mapema: mitandao hii haitachukua nafasi ya WhatsApp yako kesho asubuhi. Lakini ukiingia ukijua unachotafuta, utapata kitu ambacho yule dada hakuwa nacho, yaani njia ya kuhama na watu wako.

"Iliyogatuliwa" maana yake nini?

Wakenya hatuhitaji kufundishwa neno ugatuzi. Tangu 2013 tuna kaunti 47, kila moja na serikali yake, bajeti yake na sheria zake ndogo ndogo. Mtu wa Machakos anaweza kuuza maembe Kiambu, akalala Nakuru, akaoa Kisii. Barabara zimeunganishwa, ingawa magavana ni tofauti.

Mtandao wa kijamii uliogatuliwa hufanya kazi karibu hivyo. Badala ya kampuni moja kushikilia akaunti za watu wote, kuna seva nyingi. Seva ni kompyuta inayohifadhi akaunti na posti, na inaendeshwa na kikundi cha watu, shirika, chuo au hata mtu mmoja. Kila seva ina msimamizi na sheria zake. Lakini seva hizi zinazungumza lugha moja, kwa hivyo aliye kwenye seva ya Ujerumani anaweza kumfuata, kumjibu na kusambaza posti ya aliye kwenye seva ya Japani.

Mfano mwingine uko mfukoni mwako. Wakumbuka enzi zile ukimtumia pesa mtu wa laini nyingine, anapata meseji yenye namba za siri, kisha anaenda kupanga foleni kwa wakala ndipo azitoe? Tangu 2018, kampuni za pesa za simu hapa nchini zilipounganishwa, unamtumia na zinaingia kwenye akaunti yake moja kwa moja. Na tangu 2011 unaweza kuhamisha laini yako kwenda kampuni nyingine na nambari ikabaki ile ile. Hayo mambo mawili, kufikia mtu aliye kwingine na kuhama bila kupotea, ndiyo mitandao iliyogatuliwa inajaribu kuyaleta kwenye upande wa marafiki, habari na biashara.

Mastodon au Bluesky?

Majina utakayoyasikia sana ni haya mawili.

Mastodon ilianzishwa mwaka wa 2016 na Eugen Rochko, kijana mtengenezaji programu kutoka Ujerumani. Haina matangazo ya kulipiwa. Posti moja huwa na herufi 500 kwenye seva nyingi. Ukurasa wako wa mbele unaonyesha posti za watu uliowafuata kwa mpangilio wa saa, ya sasa hivi juu na ya zamani chini. Hakuna mashine inayoamua uone nini. Lugha inayounganisha seva zake inaitwa ActivityPub, ambayo ilipitishwa kuwa kanuni rasmi ya wavuti mwaka wa 2018. Kuna programu nyingine zinazotumia lugha hiyo hiyo, kama Pixelfed ya picha na PeerTube ya video, na zote kwa pamoja huitwa fedivasi. Hata Meta, kwa programu yake ya Threads iliyotoka 2023, imeanza kuunganisha baadhi ya akaunti zake na fedivasi.

Bluesky ilianza kama mradi mdogo uliotangazwa na Twitter mwaka wa 2019, kisha ikajitenga na kuwa kampuni yake. Mpaka Februari 2024 ulihitaji mwaliko kuingia. Sasa mlango uko wazi kwa kila mtu. Posti ni herufi 300. Sura yake inafanana sana na Twitter ya zamani, kwa hivyo anayeanza hachanganyikiwi. Ina lugha yake ya kuunganisha, inayoitwa AT Protocol. Lakini jua hili: kufikia sasa, akaunti nyingi mno za Bluesky bado ziko kwenye seva za kampuni yenyewe. Ugatuzi upo kwenye ramani, ila wananchi wengi bado wanaishi mji mkuu.

Uchague ipi? Kama unataka kuanza haraka, bila maswali mengi, Bluesky ni rahisi. Kama unataka ujirani, mahali ambapo watu hujibu na kuzungumza, na uwezo wa kuhama bila kuwa mtaalamu wa kompyuta, Mastodon iko mbele. Sisi tuko kote kuwili, na hakuna kinachokuzuia.

Kabla ya kubisha hodi, soma sheria

Hapa ndipo sisi tulianguka. Tulipofungua akaunti yetu ya kwanza Mastodon, tulichagua seva kwa sababu jina lake lilikuwa tamu. Hatukusoma sheria. Siku ya pili tukaweka posti nzuri ya kutangaza huduma, picha safi, maneno yamepangwa kama tulivyofundishwa chuo. Saa tatu baadaye ilikuwa imeondolewa. Msimamizi alituandikia kwa upole kwamba seva yake haipokei matangazo ya biashara, na kwamba sheria hiyo iko ukurasa wa kwanza, mstari wa nne. Ilikuwa kweli.

Kwa hivyo, kabla ya kujisajili Mastodon, fungua ukurasa wa "Kuhusu" wa seva na uangalie haya:

- Je, biashara zinaruhusiwa? Seva nyingine hazitaki, nyingine zinakubali mradi usijaze watu matangazo.
- Msimamizi ni nani, na yuko peke yake? Seva ya mtu mmoja ikikosa mtu huyo, imekosa kila kitu.
- Inalipiwa na nani? Seva nyingi huishi kwa michango. Hiyo si mbaya, ila ni vizuri kujua.
- Imeahidi nini ikifungwa? Seva zinazoorodheshwa kwenye tovuti rasmi ya Mastodon huwa zimekubali mkataba unaodai, pamoja na mengine, kutoa notisi ya angalau miezi mitatu kabla ya kufunga, kuweka nakala za data kila siku, na kupambana na ubaguzi na chuki.

Ukishindwa kuchagua, anza na mastodon.social, seva kubwa inayoendeshwa na watengenezaji wa Mastodon wenyewe. Utahama baadaye. Seva nyingine zitakuomba uandike sentensi mbili kueleza kwa nini unataka kujiunga, kisha usubiri kukubaliwa. Usiudhike. Ni kama kuingia chama: huwezi kukaa kwenye kiti bila kujitambulisha.

Kujisajili ni bure na barua pepe inatosha. Kwa kuwa barua pepe ndiyo ufunguo wa nyumba yote, hakikisha ni ile unayoifikia kila siku, na paswadi yake isiwe jina la mtoto na mwaka wa kuzaliwa. Washa uthibitisho wa hatua mbili siku hiyo hiyo. Upo Mastodon na upo Bluesky.

Wiki ya kwanza: usingoje, tafuta

Malalamiko makubwa ya anayeanza ni haya: "Nimeingia, kumenyamaza kama kanisa Jumanne." Tunaelewa, hata sisi tulidhani simu imekwama. Sababu ni kwamba kwenye mitandao uliyoizoea, mashine hukujazia skrini hata kabla hujasema unataka nini. Mastodon inakungoja wewe. Usipofuata mtu, hutaona kitu.

Haya ndiyo yaliyotusaidia:

Jaza wasifu kwanza. Picha, mistari miwili kuhusu wewe, na mji ulipo. Watu wengi huko hawafuati akaunti tupu kwa sababu zinafanana na za matapeli.

Jitambulishe. Andika posti yako ya kwanza ukieleza wewe ni nani na unapenda kuzungumza kuhusu nini, na uweke hashtegi #introduction. Ni desturi ya huko, na wenyeji huitafuta ili kuwakaribisha wageni. Sisi tulipata wafuasi wetu kumi wa kwanza kwa posti hiyo moja.

Fuata hashtegi, siyo watu tu. Mastodon inakuruhusu kufuata #Kenya, #Kiswahili, #Kahawa au #Ushonaji, na posti zake zikakufikia kama za rafiki. Ukiandika hashtegi ya maneno mawili, anza kila neno kwa herufi kubwa, kama #MapishiYaPwani. Programu zinazowasomea wasioona kwa sauti hutamka vizuri zikiandikwa hivyo.

Eleza picha zako. Ukiweka picha, kuna nafasi ya kuandika maelezo yake. Kwenye Mastodon hili huchukuliwa kama adabu, sawa na kuvua viatu mlangoni. Watu wengine hawasambazi picha isiyo na maelezo.

Chagua lugha ya posti. Ukiandika Kiswahili, weka alama kwamba ni Kiswahili. Wanaokitafuta watakupata, na wasiokijua wataweza kutafsiri.

Jibu watu. Bila mashine ya kukusukuma mbele, kinachokutembeza ni mazungumzo. Kuna mwenzetu aliyejibu swali la mtu kuhusu kutengeneza chai ya tangawizi, na jibu hilo likasambazwa kuliko posti zetu zote za mwezi ule.

Kwa upande wa Bluesky, tumia vifurushi vya kuanzia. Ni orodha za watu zilizokusanywa na watumiaji wengine, kwa mfano waandishi, wanasayansi au mashabiki wa soka, na unaweza kuwafuata wote kwa mbonyezo mmoja. Kuna pia mikondo maalum, ambapo unachagua mwenyewe mpangilio wa posti: za mada fulani, za lugha fulani, au za marafiki pekee. Ukichoka na mkondo mmoja, unauondoa.

Na kuhusu data: ingia kwenye mipangilio uzime video zinazojicheza zenyewe. Mitandao hii ni ya maandishi zaidi, kwa hivyo ukizima hilo haitamaliza salio lako.

Kama unauza kitu

Tusikudanganye. Wateja wako wa mtaani wengi hawako huko bado. Mama anayenunua sare za shule Umoja hatakutafuta Mastodon. Lakini huko utawapata wanaopenda kitu kimoja kwa undani: wapenzi wa vitabu, wapiga picha, wakulima wa bustani, wasusi, watengenezaji programu, walimu, na watu wa ughaibuni wanaotafuta kitu cha nyumbani. Kwa anayesuka vyondo, anayechapisha vitabu, anayechoma kahawa au anayefanya kazi za kompyuta kwa wateja wa mbali, hiyo si hadhira ndogo.

Namna ya kuuza huko ni tofauti. Posti ya "Bei poa, njoo DM" haifiki mbali. Onyesha kazi. Mwonyeshe mtu jinsi sisal inavyotiwa rangi, kwa nini zipu ile ilikatika na umeirekebishaje, mchele wa pishori unapikwaje usishikane. Watu wakikuzoea, watauliza bei wenyewe. Mwenzetu mmoja huita hiyo biashara ya kibaraza: unakaa na watu kwanza, kikapu kiko pembeni.

Pesa zako: mambo sita ya kushika

Sasa tufike kwenye kazi yetu. Mtandao usio na mmiliki mmoja hauna pia ofisi moja ya kupiga simu ukitapeliwa. Msimamizi wa seva anaweza kufunga akaunti ya tapeli iliyo kwake, lakini hawezi kukurudishia shilingi. Kwa hivyo:

1. Angalia anwani yote, siyo jina tu. Jina la Mastodon lina sehemu mbili, kama barua pepe: jina lako na seva yako. Hii ina maana mtu mwingine anaweza kufungua jina lile lile, na picha ile ile, kwenye seva nyingine. Kabla ya kulipa, soma mpaka mwisho wa anwani. Nawe kama ni muuzaji, andika anwani yako yote kwenye bango la till, kwenye risiti na kwenye wasifu wako wa WhatsApp, ili mteja ajue ipi ni yako. Kama una tovuti, iunganishe na wasifu wako wa Mastodon. Linki iliyothibitishwa huonekana kwa rangi ya kijani. Bluesky nayo inakuruhusu kutumia jina la tovuti yako kama jina la akaunti.

2. Ujumbe wa faragha si siri. Kwenye Mastodon na Bluesky, ujumbe wa watu wawili haujafungwa kama ule wa WhatsApp. Wanaoendesha seva wana uwezo wa kuusoma. Usitume PIN, namba ya uthibitisho, picha ya kitambulisho wala ya kadi ya benki. Na jihadhari na hili la Mastodon: ukitaja anwani ya mtu ndani ya ujumbe wa faragha, mtu huyo anaingizwa kwenye mazungumzo. Ukimsengenya mteja ukaweka anwani yake, ameshaona.

3. Usiweke skrinishoti za malipo. Tunajua wauzaji hupenda kuonyesha meseji za malipo ili wateja wapya waamini. Meseji hiyo ina jina la mteja, pengine nambari yake, namba ya muamala, na mara nyingi salio lako. Kwa tapeli, hiyo ni karatasi ya mtihani yenye majibu. Atampigia mteja wako akijifanya wewe, akimtajia kiasi alicholipa na saa aliyolipa. Tena kwenye mitandao hii, posti yako hunakiliwa kwenye seva nyingine. Ukiifuta, seva yako huziambia nyingine zifute, lakini hakuna anayeweza kukuhakikishia kwamba zote zimetii.

4. Hakuna ada ya kujiunga wala ya kuthibitishwa. Anayekuambia utume shilingi 500 ili akaunti ifunguliwe, ithibitishwe au isifungwe, ni mwizi. Ukitaka kuchangia gharama za seva yako, fanya hivyo kwa hiari yako kupitia ukurasa wa seva yenyewe, siyo kwa nambari uliyotumiwa kwenye ujumbe.

5. Iliyogatuliwa haimaanishi sarafu za kidijitali. Wengi husikia neno hili wakakumbuka bitcoin. Mastodon na Bluesky hazina sarafu yao. Ukiona "sarafu ya Mastodon" inauzwa kwa bei ya mapema, kimbia.

6. Sisi hatukuulizi PIN. Popote. Si kwa simu, si kwa meseji, si kwenye mtandao mpya wala wa zamani. Ukikutana na akaunti inayodai ni huduma yetu kwa wateja, usiendelee kuzungumza nayo. Fungua programu yetu, tumia mawasiliano yaliyo ndani yake, na utuulize. Na kwa muuzaji: malipo yameingia pale unapoyaona kwenye taarifa ya till yako. Picha aliyokutumia mnunuzi si malipo.

Siku ya kuhama

Turudi kwa yule dada. Swali lake lilikuwa moja: nikifukuzwa, watu wangu nawapata wapi?

Kwenye Mastodon, ukitaka kuhama seva, unafungua akaunti mpya kwingine, unaiunganisha na ya zamani, kisha unabonyeza kuhama. Wafuasi wako wanahamishwa wenyewe kwenda akaunti mpya. Watu unaowafuata na wale uliowazuia, unawapakua kama faili na kuwapandisha upya. Ni kazi ya nusu saa.

Lakini kuna masharti matatu ambayo ni bora uyajue leo kuliko siku ya matatizo. Kwanza, posti zako za zamani hazihami; unaweza kupakua nakala yake ukaiweka kwako, ila zinabaki kule. Pili, ukishahama, utasubiri siku 30 kabla ya kuhama tena. Tatu, na hili ndilo kubwa, seva ya zamani lazima iwe hai na akaunti yako iwe inafunguka. Seva ikizimika ghafla, au msimamizi akikufungia, huna cha kubonyeza. Ugatuzi unakupa mlango wa kutokea, lakini nyumba ikishaungua mlango hausaidii.

Kwenye Bluesky kuhama seva kunawezekana, ila bado kunahitaji mtu mwenye ujuzi wa kompyuta. Kinachokusaidia zaidi huko ni kutumia jina la tovuti yako mwenyewe, kwa sababu jina hilo linabaki lako hata ukihama.

Kwa hivyo weka kengele kwenye simu: mara moja kwa mwezi, pakua orodha ya unaowafuata na nakala ya posti zako. Dakika tano. Ni sawa na kuhesabu droo jioni kabla ya kufunga duka.

Je, inafaa?

Tumemuuliza swali hilo yule dada wa Umoja, ambaye tumeendelea kuwasiliana naye. Akaunti yake ya zamani haikurudi. Sasa ana daftari. Kila anayenunua huulizwa, "Naweza kukutumia meseji stoki mpya ikifika?" na anayekubali huandika nambari yake mwenyewe. Ana kikundi cha WhatsApp. Ana ukurasa mpya kwenye mtandao ule wa zamani, maana wateja wengi bado wako huko. Na ana akaunti ya Mastodon, ambako huonyesha jinsi anavyorekebisha nguo za mtumba zikawa mpya. Wafuasi ni 64. Wawili kati yao wamenunua.

Si wengi. Lakini alituambia kitu ambacho tumekibandika ukutani ofisini: "Hawa 64 najua jinsi ya kuondoka nao."

Kazi yako ya wiki hii

- Leo: chagua Mastodon au Bluesky, soma sheria, jisajili, washa uthibitisho wa hatua mbili.
- Kesho: jaza wasifu na ujitambulishe kwa posti moja.
- Siku tatu zinazofuata: fuata watu 20 na hashtegi tano, na ujibu angalau posti moja kila siku.
- Mwisho wa wiki: pakua orodha yako ya kwanza, kisha uandike anwani yako yote mahali wateja wataiona.
- Na hata kama hutafungua akaunti yoyote: anza daftari la wateja waliokubali kutafutwa. Hilo halihitaji intaneti.